Tukirusha ibada kwa multikasti, watu wa Dar na Marekani wataipata?

SWALI

"Shikamoo mtaalamu. Niko kwenye kamati ya media ya usharika wetu hapa Moshi. Ibada ya Jumapili tunairusha mubashara kwa ajili ya ndugu walioko Dar, Mwanza na nje ya nchi. Zamani tulitumia jukwaa moja kubwa la video, lakini sauti ilikuwa inazimwa kwa madai ya hakimiliki, tukaamua kuweka seva yetu wenyewe ofisini. Laini ni faiba ya Mbps 20, video tunaitoa kwa Mbps 2. Watazamaji wakikaribia kumi inaanza kuganda, na Desemba tunategemea watu mia tatu. Kijana wetu mmoja aliyeko chuo ametuambia tuachane na unikasti tuhamie multikasti, kwamba tutatuma mara moja tu na hata wakija watu elfu laini haitashtuka. Tulijaribu ofisini kati ya kompyuta mbili kwa anwani 239.10.10.10, ikaenda safi kama dakika nne, kisha ikakata. Dada yetu wa Dar hakuona kitu kabisa. Tunahisi mtoa huduma ametufungia. Je, tumlipe zaidi atufungulie? Tunataka pia ibada ionekane kwenye runinga tatu za ukumbi wa chini, na kwenye mitaa yetu miwili (makanisa madogo ya usharika) iliyoko juu, ambayo tumeiunganisha na usharika kwa antena za kuelekezana."

JIBU

Marahaba, na hongereni kwa kazi. Nianze na la mtoa huduma, maana hapo ndipo hela ya usharika inataka kutoka: msimlipe. Hajawafungia kitu. Kule kukatika baada ya dakika nne kumetokea ndani ya ofisi yenu, kwenye swichi yenu, yaani kile kifaa kinachounganisha kompyuta zenu kwa kebo, na nitakuonyesha kasoro ilipo. Dada wa Dar kutoona kitu ni jambo jingine kabisa, na hilo halina hela ya kulimaliza.

Kijana wenu wa chuo hajawadanganya. Alichosema ndicho kinachofundishwa, na kwa ibada ya Jumapili hesabu yake ni tamu kweli. Leo mnatumia unikasti, yaani kila mtazamaji anafungua mawasiliano yake na seva, na seva inamtolea nakala yake peke yake. Watu kumi kwa Mbps 2 ni Mbps 20, laini imejaa. Na kwa kuwa mhasibu naye yuko kwenye laini hiyohiyo anafungua barua pepe, mnaanza kuganda mkiwa nane au tisa. Watu mia tatu wanataka Mbps 600 za kupandisha, tena saa nne asubuhi ya Jumapili tu, na wiki nzima iliyobaki zikae bure.

Multikasti inaibadilisha hesabu hiyo. Seva inatuma mkondo mmoja kwa anwani ya kundi. Anwani hizo zimetengwa tangu zamani, kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255. Anayetaka kutazama anaijulisha ruta (kifaa kinachoelekeza data njia) iliyo karibu naye, kwa itifaki inayoitwa IGMP, kwamba naye yumo kundini. Ruta hiyo inaomba kwa ruta iliyo mbele yake, nayo kwa inayofuata, mpaka njia ifike kwenye chanzo. Nakala zinatengenezwa pale tu njia zinapoachana. Wakiwa watazamaji mia tatu au elfu tatu, kwenu kunatoka Mbps 2 tu.

Wewe ni mtu wa Kilimanjaro, kwa hiyo fikiria mfereji. Maji yanachukuliwa mtoni mara moja, yanashuka, na kila yanapogawanyika kuna mtu amefungua. Maji yakigawanywa hupungua, pakiti, yaani vipande vya data, zikinakiliwa hazipungui, hapo wameachana. Lakini mfereji hauvuki kihamba, shamba la ukoo, cha mtu bila mwenyewe kukubali, na ukoo mmoja wa katikati ukikataa, wa chini wote hawapati tone. Hapo multikasti na mfereji ni kitu kimoja.

Sasa hesabu wenye vihamba. Pakiti ikitoka ofisini kwenu inaingia kwa mtoa huduma wenu. Pengine inapita kwenye mkongo wa taifa, pengine kwenye kituo cha kubadilishana trafiki kama AIXP cha Arusha au TIX cha Dar, halafu inaingia kampuni ya simu ambayo dada yako amenunua bando. Ndugu wa Marekani anaongeza nyaya za baharini na kampuni nyingine mbili tatu upande wa pili. Kila mmoja wa hao lazima awe amewasha multikasti kwenye ruta zake zote za njiani, na awe amekubaliana na jirani yake namna ya kupeana mikondo hiyo. Asipowasha mmoja tu, mkondo unaishia mlangoni kwake. Unikasti haina shida hiyo, kwa sababu kila ruta duniani inajua kusukuma pakiti kuelekea anwani moja.

Utaniuliza, kwa nini hawawashi? Teknolojia yenyewe si ngeni. Mtafiti Steve Deering aliifanyia kazi Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka ya 1980, na waraka wake wa kanuni, RFC 1112, ni wa 1989. Mwaka 1992 wakaanzisha MBone, mtandao wa majaribio uliopanda juu ya intaneti, na Machi mwaka huohuo mkutano wa IETF, jumuiya inayotunga kanuni za intaneti, huko San Diego ukasikika sehemu mbalimbali za dunia kupitia humo. Novemba 1994 sehemu ya onyesho la Rolling Stones huko Dallas ikarushwa kwa MBone. Watu waliona huu ndio utakuwa utangazaji wa kesho. Ila angalia jinsi MBone ilivyokuwa imejengwa: kwa kuwa ruta za njiani hazikujua multikasti, pakiti zilifungwa ndani ya pakiti za kawaida za unikasti na kuvushwa kama mizigo iliyofichwa. Tangu siku ya kwanza, waliokuwa katikati ya njia hawakuwa wameshirikishwa.

Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni hela. Mnapolipia Mbps 20, mtoa huduma anajua mzigo mkubwa mnaoweza kumtwisha ni Mbps 20, na anapanga bei na nyaya zake kwa hesabu hiyo. Kwa multikasti mnamkabidhi Mbps 2, naye anaweza kujikuta anasambaza nakala mia tatu kwenye mikoa kumi. Amlipishe nani? Wewe uliyetuma kidogo? Watazamaji ambao si wateja wake? Kampuni jirani iliyopokea mkondo mmoja ikaugawa kwa wateja wake mia? Miaka zaidi ya thelathini imepita na jibu lililowaridhisha wote halijapatikana, na mfanyabiashara hawashi kitu asichojua kukitoza.

Halafu kuna mzigo wa kumbukumbu. Jedwali la njia za intaneti nzima kwa IPv4, mfumo wa anwani tunaouzungumzia hapa, lina safu karibu milioni moja, na hilo linawezekana kwa sababu anwani za kawaida hufungwa pamoja kwa mafungu: safu moja inabeba maelfu ya wateja. Kundi la multikasti halifungiki hivyo. Kila kundi linataka safu yake kwenye kila ruta linapopita, na safu hiyo inafutwa na kuandikwa upya watazamaji wanapoingia na kutoka. Ibada yenu peke yake ni kitu kidogo. Lakini mkikubaliwa ninyi, itabidi yakubaliwe pia makanisa yote, misikiti yote, harusi zote za Jumamosi na kila mwenye simu.

Na usalama nao. Katika mfumo wa awali mtu yeyote aliweza kutuma kwenye kundi lolote, na mitandao ilitangaziana nani anatuma nini. Januari 2001 mnyoo wa kompyuta ulioitwa Ramen ulipapasa anwani ovyo zikiwemo za multikasti, na ruta zilizokuwa zikipeana matangazo hayo zikafurika. Baadaye ukaja mfumo ambao mtazamaji anataja kundi pamoja na chanzo chake, ukakamilishwa kwa RFC 4607 ya 2006, na ni mzuri kwelikweli. Mwaka 2020 IETF wenyewe, kwa RFC 8815, wakapendekeza ule wa awali usitumike tena kati ya mtandao na mtandao. Waliofuata huo mpya kwenye intaneti ya wazi wamebaki kuwa vyuo na taasisi za utafiti zaidi. Ipo pia mbinu ya 2015 iitwayo AMT, ya kuvusha multikasti kwa handaki juu ya sehemu zisizoijua. Inafanya kazi, ila inahitaji vituo vya kupokezana njiani, na hapa kwetu usikae ukivisubiri.

Hata yote hayo yakimalizika, dada yako ana simu. Kivinjari cha simu hakijui kujiunga na kundi la multikasti. Ukurasa wa wavuti hauna njia ya kuomba hilo. Na kampuni ya simu humfungulia kila mteja handaki lake binafsi kutoka kwenye kiini cha mtandao hadi mkononi kwake, hivyo watu hamsini walioko chini ya mnara mmoja ni mahandaki hamsini. Kuna kiwango cha kurusha mkondo mmoja kwa simu zote za mnara, ila kampuni nyingi duniani hazikukiwasha, na simu nyingi za madukani hazikipokei.

Jambo la mwisho kuhusu Dar, nalo lingetosha peke yake. Anwani mliyochagua, 239.10.10.10, iko kwenye fungu la 239 lililotengwa kwa matumizi ya ndani ya taasisi. Mitandao hutegemewa kuizuia isitoke, sawa na zile 192.168 za ofisini. Juu ya hapo, pakiti za multikasti kwa kawaida hutumwa zikiwa na kikomo cha kuruka cha 1, maana yake ruta ya kwanza kabisa inazitupa. Mkondo wenu haukufika hata kwa mtoa huduma ili apate nafasi ya kuufunga.

Sasa zile dakika nne. Nilipozisoma nilitabasamu, maana ni ugonjwa wenye alama yake. Swichi yenu bila shaka ni ile ya kusimamiwa, yenye kipengele kilichoandikwa IGMP Snooping, na kimewashwa. Kazi yake ni kusikiliza nani amejiunga na kundi lipi ili isirushe mkondo kwenye matundu yasiyouhitaji. Kompyuta ya kupokea ilipofungua VLC, au programu yoyote ya video, ilitangaza kwamba imejiunga, swichi ikaandika tundu lake, video ikaja. Lakini swichi haiamini tangazo hilo milele. Inategemea kuwe na kifaa kwenye mtandao kinachouliza kila sekunde 125, "bado mpo?", na wanachama wajibu. Kwenu hakuna anayeuliza. Kompyuta haikuulizwa, haikujibu, na zilipotimia sekunde kama 260 swichi ikaifuta kwenye daftari na kukata mkondo. Gawanya 260 kwa 60 uone.

Dawa yake ni kuweka muulizaji. Kwenye swichi nyingi za kusimamiwa kuna mstari wa IGMP Querier kwenye ukurasa uleule wa Snooping; washa, ipe swichi anwani ya IP kwenye mtandao huo, basi. Kama ruta yenu ni MikroTik, ambazo huku kwetu zimejaa, ingia kwenye mipangilio ya bridge, washa igmp-snooping pamoja na multicast-querier. Muulizaji mmoja anatosha. Rudieni jaribio na mwiache video iende nusu saa. Ikipita dakika ya tano, tatizo limekwisha.

Msikubali mtu awaambie dawa ni kuizima Snooping. Ni kweli video haitakatika. Ila swichi itaanza kumwaga mkondo kwenye matundu yote, pamoja na tundu lenye kifaa cha waifai, na hapo ndipo watu wanapolia kwamba intaneti ya ofisi imekufa. Swichi zile ndogo za bei nafuu zisizo na mipangilio ndivyo zinavyofanya siku zote.

Na hapa multikasti inapata heshima yake. Ndani ya uzio wenu, ruta zote ni zenu na swichi zote ni zenu. Hakuna wa kuombwa ruhusa wala kulipwa. Ndivyo hoteli nyingi zinavyopeleka chaneli vyumbani, ndivyo masoko ya hisa makubwa yanavyowagawia madalali bei kwa wakati mmoja, na ndivyo BT ya Uingereza inavyowafikishia wateja wake wa faiba chaneli za runinga. BT ni kampuni kubwa, lakini mtandao ni wake kuanzia chanzo hadi kisanduku kilicho sebuleni. Mtu akikuambia multikasti imekufa, muulize simu yake hugunduaje printa au Chromecast iliyo kwenye waifai ya nyumbani: inatuma swali kwa 224.0.0.251, anwani ya kundi.

Kwa runinga tatu za ukumbi wa chini, basi, endeleeni na multikasti, kwa sharti moja: kebo. Msipitishe kwenye waifai. Pakiti ya kawaida ya waifai hutumwa kwa kasi ambayo simu husika inaimudu, na isipothibitishwa kufika hurudiwa. Ya multikasti haithibitishwi na hairudiwi, na kwa kuwa lazima hata kifaa cha mbali kabisa kiisikie, hurushwa kwa kasi ya chini kabisa ya mtandao huo. Kwenye masafa ya 2.4 GHz hiyo mara nyingi ni Mbps 1. Mkondo wenu ni wa Mbps 2. Hauingii, na wakati unalazimishwa, kila mwenye simu ukumbini anakosa hewa. Vipo vifaa vinavyogeuza multikasti kuwa unikasti kabla ya kuirusha hewani, na vinasaidia, lakini hapo mmerudi kwenye nakala ya kila mtu.

Runinga za kisasa nyingi hazina pa kuandika anwani ya kundi, kwa hiyo kila moja itahitaji kisanduku cha Android chenye tundu la kebo, na VLC ndani yake ikifungua udp://@239.10.10.10:1234, au namba ya mlango mtakayoichagua. Ila nikuulize kwa uwazi: runinga tatu, ukumbi mmoja, jengo moja? Kigawanyio cha HDMI na waya za kutosha vitafanya kazi hiyo bila anwani, bila muulizaji, na bila kijana wa media kupigiwa simu akiwa kwenye kwaya. Ningechagua hicho, na multikasti ningeitunzia mitaa.

Mitaa ya juu ni habari nyingine. Antena za kuelekezana ni waifai ndani yake, hivyo onyo la kasi ya chini linazihusu pia, lakini karibu zote zina mpangilio wa kuisafirisha multikasti kama trafiki ya kawaida upande wa pili ukiwa mmoja tu. Kwenye MikroTik unaitwa multicast-helper. Kwenye chapa nyingine hutajwa kama uboreshaji wa multikasti. Uwasheni. Kwa mitaa miwili, hata mkituma unikasti mbili za Mbps 2 ni Mbps 4 tu, mzigo ambao antena iliyoelekezwa vizuri inaubeba bila kuhema. Kwa hiyo hapo chagueni kinachowarahisishia kazi, msichague kwa ajili ya hesabu. Kinachozisumbua antena za huko juu mara nyingi ni migrevilea: ilikuwa mifupi mlipofunga, sasa imeziba njia ya kuonana.

Tubaki na walio nje. Kitu ambacho kijana wenu anakitafuta, kutuma mara moja wapate wote, kipo tayari kwenye intaneti, isipokuwa kinafanywa na seva, siyo ruta. Mnapeleka mkondo mmoja wa Mbps 2 kwenye mashine iliyo mahali penye laini nene. Mashine hiyo inaikata video vipande vya sekunde chache, na vipande vinavutwa kama faili za kawaida za wavuti, vikihifadhiwa kwenye seva za karibu na watazamaji. Kampuni za aina hii zilianza kupata nguvu miaka ya mwisho ya 1990, Akamai ikiwa mojawapo, wakati multikasti ingali inasubiri wenye ruta wakubaliane. Watoa huduma wengi wakubwa duniani wana seva za Google au Netflix ndani ya mitandao yao wenyewe. Matokeo yake kwa mwenye kihamba wa katikati ni yaleyale ya multikasti, nakala moja inakuja na nyingi zinagawiwa mwisho wa njia, na safari hii hakuombwa kubadili ruta hata moja.

Tena mfumo huo una faida ambayo multikasti haina. Mwenye faiba Marekani anapewa picha kali, na mwenye mtandao dhaifu Rombo anapewa iliyopunguzwa, na anayebadilika katikati ya mahubiri anabadilishiwa. Kwenye multikasti mkondo ni mmoja. Asiyeumudu anapoteza pakiti, na pakiti iliyopotea haina wa kuirudisha. Gharama yake ni kuchelewa. Sekunde kumi hadi thelathini nyuma ya ibada yenyewe ni kawaida, na kwa ibada sioni tatizo. Kwa harambee ambayo watu wanaahidi kwa simu huku wakitazama, mtaliona.

Njia rahisi kuliko zote ni kurudi kwenye majukwaa makubwa. Najua mliondoka kwa hasira. Lakini chunguzeni kwanza sauti ilikuwa inazimwa wapi. Mifumo hiyo hulinganisha sauti na rekodi zilizosajiliwa, na mara nyingi kinachonaswa ni nyimbo za kwenye flashi zinazopigwa kabla ibada haijaanza, kwaya yenu haijafungua kinywa bado. Zizimeni nyimbo hizo kwenye mkondo, anzeni kurusha kengele inapolia, mwone. Kama ni YouTube na akaunti ni mpya, ruhusa ya kurusha mubashara inaweza kuchukua hadi saa 24, kwa hiyo msiiombe Jumapili asubuhi.

Mkitaka kubaki na kitu chenu, kodini seva ndogo nje ya ofisi, muweke humo programu ya kupokea mkondo na kuutoa kwa HLS, yaani ule mtindo wa vipande vifupi vya video. Angalieni kifungu cha data kwenye mkataba kabla ya bei. Ibada ya saa mbili kwa Mbps 2 ni GB 1.8 kwa kila mtazamaji. Watu mia tatu ni GB 540, na Jumapili nne ni zaidi ya TB 2. Wakodishaji wengine wanajumuisha kiasi hicho, wengine wanakutoza kila GB inayozidi, na bili ya Januari inakuja na mshangao. Ulizeni pia kama laini ya seva hiyo inamudu Mbps 600 kwa wakati mmoja, maana kifungu cha data kinaweza kutosha na laini isitoshe.

Mimi ningewaongezea kitu ambacho hamkuuliza. Wekeni picha ya pili ya Kbps 700, ambayo kwa saa mbili inakula MB 630, na sauti peke yake ya Kbps 64, ambayo kwa saa hizohizo ni kama MB 58. Bibi aliyeko hospitali au mtu aliye safarini na bando la siku atachagua sauti, na atasikiliza ibada mpaka baraka ya mwisho. Mnajadili upana wa laini yenu. Yeye anaangalia salio lake.

Yapo mambo ambayo sitayamaliza kwa maandishi. Antena za mitaani zikionyesha mawimbi yanayopanda na kushuka hata siku ya jua, mwiteni fundi apande mlingoti, apime njia ya kuonana na akague waya wa ardhini, kwa sababu radi za mvua za masika hazichagui kifaa cha kanisa. Msimpandishe kijana wa media bila mkanda. Kuhusu leseni, nendeni ofisi ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ya kanda ya kaskazini iliyoko Arusha mkaulize kama urushaji wenu unaguswa na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 na marekebisho yake, yakiwemo ya 2022. Mchungaji au katibu wa usharika aende mwenyewe na barua. Na mtoa huduma wenu mwulizeni swali moja tu: zile Mbps 20 ni za kupandisha na kushusha sawasawa, au ni za kushusha pekee? Hata kama kupandisha ni pungufu, jaribuni siku ya kazi, saa ileile ya ibada, mkondo mmoja wa Mbps 2 kwenda kwenye seva mliyoikodi, mtu wa Dar akitazama kwa bando la simu, na ndani ya ukumbi runinga zikiwa zimewashwa. Mkipata saa mbili bila kuganda, kufikia Desemba kazi itakayobaki ni ya kamera na vipaza sauti.